OCRmyPDF, NAPS2, FineReader au skana yenyewe: ipi inaifaa ofisi yako?

Ofisi nyingi hapa Dodoma zimeshamaliza kuskani, au zinakaribia. Wapima ardhi, mawakili, SACCOS, shule binafsi, kampuni zilizoifuata Serikali ilipohamia huku: majalada yao yako kwenye diski. Sasa linakuja la pili. Faili la kurasa arobaini lina MB 50 wakati Gmail inaishia MB 25. Ukitafuta jina la mteja, kompyuta inakujibu hakuna kitu, maana kwake kila ukurasa ni picha tu, sawa na picha ya harusi.

Zinahitajika kazi mbili: kutambua maandishi, ambayo wengi tunaiita OCR, na kubana faili. Zote mbili zinaweza kufanyika zenyewe, usiku, bila mtu kubonyeza chochote. Njia ni nyingi, na hapa nalinganisha tano ambazo nimezifanyia kazi. Bei na kasi nitazitaja, lakini si kipimo changu cha kwanza. Kipimo changu nilikipata kwa mama mmoja wa masijala niliyekuwa namwekea mfumo. Aliniambia, "Mwanangu, hayo mengine ni yenu. Mimi nikiandika namba ya jalada, barua itoke. Na kama haitatoka, nijue mapema, kabla bosi hajaiulizia." Nikamjibu, "Sawa, mama," na tangu hapo kila programu naiuliza swali hilohilo: ukishindwa, nitajuaje?

Uzito unatoka wapi

Kabla ya kuchagua programu, elewa kinachobanwa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Ukiwa wa rangi, kila pikseli inachukua baiti tatu, kwa hiyo ni MB 26 kabla ya kubanwa. Ukiwa wa kijivu ni MB 8.7. Ukiwa mweusi na mweupe tupu, ni kama MB 1.1, na mbano wa G4, uliozaliwa enzi za faksi, unaushusha ukurasa wa barua ya kawaida hadi makumi ya kilobaiti. Maana yake ni kwamba uamuzi mkubwa wa ukubwa wa faili unafanyika kwenye kitufe cha skana, programu zote hizi zikiwa bado hazijaligusa.

Usikimbilie weusi na weupe kwa sababu hiyo. Mhuri wa zambarau uliogongwa juu ya sahihi unageuka doa jeusi, au unatoweka kabisa. Nakala ya kaboni iliyofifia inabaki vipande vya herufi. Mimi naweka kijivu, dpi 300, kwa barua na dokezo zote, na rangi kwa hati, ramani, na karatasi yoyote ambayo mhuri au sahihi yake inaweza kubishaniwa siku moja.

Jambo jingine ni mpangilio wa kazi: tambua maandishi kwanza, bana baadaye. Watu hufanya kinyume kwa sababu barua pepe imekataa faili, wanatafuta njia ya haraka, wanalipitisha kwenye Ghostscript, programu ya kuchakata PDF, kwa mpangilio wa `/screen`, na picha zinashushwa hadi dpi 72. Kwa dpi 300 herufi za pointi 10 zina kama pikseli 42 za kwenda juu. Kwa dpi 72 zinabaki 10. Hakuna programu itakayotofautisha vizuri "rn" na "m" ndani ya pikseli 10, na ukishafuta faili la awali hakuna pa kurudi.

Skana yenyewe

Mashine kubwa za ofisi, zile za kunakili, kuchapa na kuskani kwa pamoja, nyingi zina chaguo la "PDF iliyobanwa" na baadhi zina OCR ndani yake. Ni rahisi kuliko njia zote: karani anaweka karatasi, anabonyeza, faili linaingia kwenye folda ya mtandao wa ndani likiwa tayari. Kwa ofisi isiyo na mtu wa TEHAMA inavutia, na siwalaumu wanaoichagua.

Shida yangu nayo ni kwamba ikikosea inakaa kimya. Mwaka 2013 mwanasayansi wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nyaraka zilizoskaniwa. Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vyote vilitoka vimeandikwa mita za mraba 14.13. OCR haikuhusika. Kosa lilikuwa kwenye mbano wa JBIG2: mashine iliona vipande viwili vya picha vinafanana, ikahifadhi kimoja na kukipachika pote. Sita ikawa nane. Tarakimu ilitoka safi na imenyooka, hakuna ukungu wowote wa kumtia mtu shaka. Xerox walitoa marekebisho ya programu, na JBIG2 ina namna nyingine isiyopoteza kitu ambayo haina tatizo hilo, lakini funzo halijaisha muda.

Lifikirie hapa kwetu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 na ikavunjwa mwaka 2017, shughuli zake zikaenda kwa manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji. Makaratasi yake ya viwanja bado yamo kwenye droo za watu na kwenye majalada ya mawakili. Kiwanja namba 66 kikitoka 86 kwenye nakala, na ile karatasi ya asili imeshapelekwa stoo, hiyo ni kesi ya ardhi inayosubiri tarehe. Kwa hiyo kama unatumia mbano wa ndani ya mashine, ingia kwenye mipangilio yake, chagua ubora wa juu, na chukua ukurasa wenye tarakimu nyingi ndogo uulinganishe na nakala yake, namba kwa namba.

Tovuti za bure

Kwa kipeperushi cha mkutano, sawa. Kwa jalada la mteja, hapana. Unapakia faili linaenda kwenye seva ya nchi nyingine, nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye masharti kuhusu taarifa za watu zinazotoka nje ya nchi. Halafu kuna bando. Ofisi inayoskani kurasa mia tatu kwa siku itapakia na kupakua hadi ichoke. Na si njia ya kujiendesha hata kidogo, maana lazima mtu akae hapo akibonyeza.

NAPS2

Hii ni programu huria ya kuskani, ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ndani yake kuna Tesseract, injini ya kutambua maandishi iliyoanzia kwenye kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufanywa huria mwaka 2005. Ukiwasha OCR inakuuliza lugha, unachagua Kiswahili na Kiingereza, inazipakua mara moja tu, na baada ya hapo haihitaji tena intaneti.

Uzuri wake ni kwamba karani anaona ukurasa kabla haujahifadhiwa. Uliogeuka juu chini anaugeuza, uliopinda anaunyoosha, ulioingia mara mbili anaufuta. Unaweza kumwekea wasifu wa skana, mmoja "barua" na mwingine "hati", asihangaike na dpi. Kwa ofisi yenye kompyuta moja na skana ya mezani, SACCOS ya Kongwa au zahanati ya Bahi, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Inapopwaya ni kwenye mrundo. Ina njia ya kuendeshwa kwa amri, lakini imejengwa kwa ajili ya kuskani, na mtu mwenye mafaili elfu kumi yaliyoskaniwa zamani ataona anaisukuma mahali isipotaka kwenda.

OCRmyPDF

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo ninayoiweka mara nyingi. Nayo ni huria na ya bure, nayo inatumia Tesseract, ila haina dirisha wala vitufe. Unaipa PDF ya picha, inakurudishia PDF ileile ikiwa na maandishi yasiyoonekana yaliyowekwa nyuma ya picha, imenyooshwa, na imehifadhiwa kwa muundo wa PDF/A, ambao ni wa kutunza nyaraka kwa miaka mingi. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, unaiweka pamoja na kifurushi cha `tesseract-ocr-swa`, kisha kazi yote ya kujiendesha ni mistari michache:

```
find mapya -name '*.pdf' -mmin +3 | while read -r f; do
  j="$(date +%F-%H%M%S)-$(basename "$f")"
  if ocrmypdf -l swa+eng --rotate-pages --deskew --skip-text \
     "$f" "tayari/$j" < /dev/null
  then mv "$f" "asili/$j"
  else mv "$f" "matatizo/$j"
  fi
done
```

Folda nne. Skana inatupa kwenye `mapya`, zilizofanikiwa zinakwenda `tayari`, faili la awali linahamia `asili` bila kuguswa, na lililoshindikana linakwenda `matatizo`. Hiyo folda ya mwisho ndiyo jibu la yule mama wa masijala. Asubuhi anaifungua: ikiwa tupu, anaendelea na chai yake, ikiwa na kitu, anajua ni kipi.

Mambo mawili humo yana sababu yake. `-mmin +3` inasema liache faili ambalo halijafikisha dakika tatu tangu liguswe, kwa sababu skana inayotuma kurasa sitini kwenye mtandao inaandika faili polepole, na ukilidaka katikati utapata nusu. Tarehe na saa mwanzoni mwa jina ni kwa ajili ya skana zinazoanza kuhesabu upya: SCAN0001 ya leo itaifuta SCAN0001 ya wiki iliyopita, na hakuna atakayekuambia. Ukiiweka kwenye `cron`, kipangaratiba cha Linux, ijiendeshe kila robo saa, tumia pia `flock`, amri inayozuia mzunguko mpya kuanza kabla wa kwanza haujaisha, ili umeme ukirudi na mrundo ukawa mkubwa, mizunguko miwili isigombanie faili moja.

Ninachokipenda zaidi ni ukaidi wake. Faili lenye nywila inalikataa. Faili lenye sahihi ya kidijitali inalikataa pia, kwa sababu kuongeza maandishi kutaibatilisha sahihi hiyo. Bila `--skip-text`, ukilipa faili ambalo tayari lina maandishi inasimama na kukuambia. Programu nyingine zingelipitisha tu na kunyamaza.

Upande wa kubana, kwa kawaida inabana bila kupoteza kitu. Ukitaka zaidi kuna `--optimize 2` na `3`, ambazo zinapunguza ubora wa picha. Mimi sivuki 2, na kwa hati za viwanja sigusi kabisa. Hakikisha `jbig2enc` na `pngquant` zimewekwa kwenye mashine, la sivyo utalalamika kwamba haibani wakati umeinyima vifaa. Na usitegemee miujiza: faili lililoskaniwa kwa rangi dpi 600 litabaki kubwa.

Udhaifu wake ni mtu. Kwenye Windows kuiweka kuna hatua nyingi kidogo, na wengi huishia kutumia Linux iliyo ndani ya Windows. Kijana aliyeiweka akihamia Mwanza na hakuandika popote alichofanya, siku ikisimama itasimama hadi mwezi uishe. Kama huna mtu, au huna fundi wa kumpigia simu, usiichague. Kuna njia ya kati: Paperless-ngx, ambayo ndani yake inatumia hiyohiyo OCRmyPDF lakini inakupa ukurasa wa kutafutia kwenye kivinjari, inatunza faili la asili pembeni, na inafanya kazi ndani ya ofisi hata intaneti ikikatika. Kuisimika kunahitaji mtu anayejua, kuitumia hakuhitaji.

FineReader

ABBYY FineReader PDF ni ya kulipia, na bei yake inahesabiwa kwa fedha za kigeni. Kile kinachotuhusu hapa, Hot Folder, kimo kwenye toleo la Corporate la Windows: unaiambia iangalie folda fulani saa fulani, ichukue kila kilichomo, itambue maandishi, ihifadhi pale unapotaka. Unapanga kwa kubonyeza, hakuna mstari wa amri. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake.

Inaipita Tesseract wazi kwenye majedwali. Daftari la malipo lenye safu saba, lililochapwa na kuskaniwa, litatoka kwenye FineReader kama jedwali la Excel unaloweza kulifanyia kazi. Tesseract itakupa maneno sahihi na mpangilio uliovurugika. Pia ina mbano unaotenganisha maandishi na mandhari ya nyuma, hivyo barua yenye nembo ya rangi inakuwa ndogo na herufi zikabaki kali. Ni mbano mzuri, lakini unapoteza, na nilichosema kuhusu kulinganisha tarakimu kinauhusu pia.

Kabla ya kulipa, uliza kikomo cha kurasa kwa mwezi kwenye Hot Folder. Ofisi yenye makabati ya miaka thelathini inaweza kukifikia wiki ya pili. Na kama unachotaka ni kutafuta barua kwa jina tu, sioni kwa nini ulipie: kwa barua zilizochapwa vizuri tofauti ya usahihi kati yake na Tesseract ni ndogo mno kuilipia kila mwaka.

Jaribu kwa Ng'hong'honha

Usichague kwa maneno yangu peke yake. Chukua kurasa zako mbaya, si zile nzuri: barua ya taipureta ya zamani, nakala ya kaboni, karatasi yenye mhuri katikati ya aya, na barua inayotaja Ng'hong'honha. Kata hiyo ni mtihani mzuri kuliko ukurasa wowote wa majaribio unaokuja na programu. Ina ritifaa mbili na konsonanti zilizosongamana. Ukiisoma kwa Kiingereza peke yake programu itajaribu kuirekebisha, na hata ukiweka `swa+eng` unaweza kupata ritifaa iliyopinda mahali ulipoandika iliyonyooka, na utafutaji ukashindwa ingawa jicho lako linaliona neno lipo. Ukikutana na hilo, zoesha watu kutafuta kipande, "honha" kwa mfano, au panga programu ya kutafutia izichukulie ritifaa zote kuwa moja.

Kwenye hayo majaribio angalia pia mistari ya wima. Vumbi la hapa tunalijua, hasa kuanzia Julai upepo unapoanza. Chembe moja ikitua kwenye kile kioo chembamba cha skana inayovuta karatasi yenyewe, kila ukurasa unapata mstari kutoka juu hadi chini, na herufi zote zilizopitiwa na mstari huo zinasomeka vibaya: "l" zinaongezeka, "o" zinakuwa "d". Njia zote tano zitaonekana mbovu kwa kosa la kitambaa ambacho hakikupita. Kifute kioo hicho kila asubuhi, kwa kitambaa laini kikavu.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Kompyuta moja, skana moja, karatasi za kila siku tu: NAPS2, na umemaliza. Mrundo wa zamani pamoja na mtu wa kuutunza mfumo: OCRmyPDF, na Paperless-ngx juu yake kama watumiaji ni wengi. Majedwali mengi, na bajeti ipo: FineReader, kwa hayo majedwali. Hakuna mtu wala bajeti: mbano wa ndani ya skana kwa ubora wa juu, na karatasi za asili zisitupwe. Ofisi ya umma isianze na yoyote kati ya hizi kabla ya kuongea na kitengo chake cha TEHAMA, maana kuna e-Office, mfumo wa Serikali wa majalada ya kielektroniki, na kuna miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na jalada la siri halipiti kwenye folda ya mtu yeyote.

Lakini yote haya ni kwa maandishi ya kuchapwa. Majalada ya huku yana mwandiko mwingi: muhtasari wa kikao cha kijiji, makubaliano ya mipaka yaliyoandikwa kwa kalamu, dokezo la bosi pembeni mwa barua. Kwa hayo usimtegemee hata mmoja kati ya hawa watano. Yaskani, yabane kwa upole, kisha mpe karani dakika moja kwa kila faili aandike kwenye jina lake vitu vitatu: namba ya jalada, jina la mhusika, na tarehe kwa mtindo wa 1994-03-17, mwaka ukitangulia, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano.